Kiwanja cha pwani: unanunua nini, kwa nani, na wenyeji watapita wapi?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Katika maswali yanayotufikia miaka hii, la viwanja vya pwani linakaribia kulifikia la talaka kwa wingi. Zamani tukiulizwa juu ya ardhi, aghlabu lilikuwa shamba la mikarafuu Pemba, au nyumba ya Ng'ambo iliyoachwa na babu na wajukuu hawaelewani. Sasa muulizaji anatuambia nimeonyeshwa kiwanja Paje, au kuna kiwanja Jambiani, mita ishirini kwa thelathini, na dalali anasema kuna mgeni anakitaka, niwahi.

Swali lililotusukuma kuandika limetoka kwa dada mmoja wa mjini ambaye mumewe anafanya kazi Maskati. Wamedunduliza kwa miaka sita. Wamepata kiwanja kitupu Jambiani, nyuma kidogo ya mstari wa mahoteli, na nia yao ni kukinunua, kukiacha, kisha kukiuza bei ikipanda ili mtoto wao wa kwanza akasome chuo. Mume amekiona kwa video ya simu, wamekipenda, wametoa arubuni. Wiki moja baadaye dada huyu amepigiwa simu na mtu asiyemjua, akamwambia: "Dada yangu, huyo anayekuuzia ni kaka yetu. Sisi tumezaliwa watano, na mama yetu yu hai."

Anatuuliza mambo matatu. Biashara ya kununua ardhi na kuiacha ikae mpaka ipande bei inafaa katika dini? Arubuni yake itakuwaje? Na wakifanikiwa kukipata kiwanja, je, kina zaka? Tutamjibu, inshaAllah. Lakini suala hili si lake peke yake, na baadhi ya majibu yake hayaeleweki mpaka tuangalie kwanza ardhi yenyewe inayouzwa huko pwani ni ardhi gani.

Sisi tuliosoma skuli miaka ya 1980 tunaikumbuka Paje kama kijiji cha minazi, ngalawa na vumbi jeupe. Ardhi ya Unguja iliyokuwa na thamani ilikuwa upande wa magharibi na katikati, kwenye udongo mzito unaoota mikarafuu. Mashariki ni uwanda, ardhi ya maweni. Watu walilima mtama na muhogo kwenye vishimo vya udongo baina ya mawe, walikata kuni, walichoma chokaa. Mtu wa mjini ukimwambia una ardhi uwandani alikuonea huruma. Katika mwaka 1989 ukaja ukulima wa mwani, na ukaanzia huko huko Paje na Jambiani, na kwa mara ya kwanza kina mama wengi wa vijiji vile wakashika fedha yao wenyewe. Utalii nao ulishafunguliwa mlango katikati ya miaka hiyo ya 1980. Zile mawe na mchanga zikageuka mali.

Mwaka 2024 wageni waliofika Zanzibar walipindukia laki saba. Upande wa pili wa hesabu ni sisi wenyewe: sensa ya mwaka 2012 ilituhesabu watu 1,303,569, na ya mwaka 2022 ikatuhesabu 1,889,773. Yaani katika miaka kumi tumeongezeka zaidi ya watu laki tano na nusu, na visiwa havikuongezeka hata shubiri moja. Kwa hiyo anayesema ardhi itapanda bei hasemi uongo. Na familia ya Kiislamu isiyotaka riba ya benki, inayoiona shilingi ikipungua nguvu mwaka hadi mwaka, itaweka wapi akiba yake? Wengi hawajui biashara ya hisa, na dhahabu huibiwa. Ardhi haiozi wala haiibiwi. Ndivyo watu wanavyosema, ingawa hilo la kutoibiwa tutalirudia.

Kwa hivyo jibu la suala la kwanza, kwa asili yake, ni kwamba inafaa. Kununua ardhi kwa nia ya kuiuza baadaye kwa faida ni biashara kama biashara nyengine, na Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara. Bali imepokewa katika Ibn Majah hadithi yenye maana kwamba anayeuza nyumba yake na asiiweke thamani yake katika mali mfano wake, hatobarikiwa katika fedha zile. Wanazuoni wamelichukua hilo kuwa ni sifa ya mali isiyohamishika: ina utulivu ambao fedha mkononi haina. Hatuoni sababu ya kuwatia watu wasiwasi katika asili ya jambo hili. Wasiwasi upo katika namna linavyofanywa kwetu.

Kwanza, unanunua nini? Wengi hawaulizi. Baada ya Mapinduzi, katika Machi 1964, ardhi yote ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya Serikali, kisha maelfu ya familia zikapewa eka tatu tatu za kulima, kwa masharti. Sheria ya ardhi namba 12 ya mwaka 1992 iliyokuja baadaye imeshikilia msingi huo huo: ardhi ni ya umma, imewekwa chini ya dhamana ya Rais, na alichonacho Mzanzibari ni haki ya matumizi. Haki hiyo inarithiwa na kuhaulishwa, lakini ina masharti, na aliyeitelekeza ardhi anaweza kunyang'anywa. Mgeni hapewi haki hiyo. Yeye hukodishwa kwa muda. Isitoshe, kwetu miti na ardhi ni vitu viwili. Unaweza kukuta minazi kumi katika kiwanja ulichouziwa, na minazi ile ina mwenyewe, aliyeipanda baba yake, wala muuzaji hakukutajia.

Kuna wanaotuuliza: kama ardhi ni ya Serikali, basi mauziano yote haya si batili? Hapana. Kitu kinachohamishwa ni haki ya manfaa, na hiyo ni mali inayouzika. Mashafii wenzetu katika kuieleza maana ya mauziano wameingiza ndani yake manfaa ya halali ya kudumu, na mfano wanaoutoa ni haki ya kupita njia. Kwa hivyo unanunua kitu halisi. Lakini ujue ni kitu gani, na kwamba uhamisho wake kwa sheria ya nchi hupitia Bodi ya Uhaulishaji na kuandikwa Kamisheni ya Ardhi. Karatasi iliyoandikwa barazani ikatiwa saini na mashahidi wawili na mhuri wa sheha inaweza ikawathibitishia watu kuwa mmekubaliana. Haitoshi kukuhamishia haki mbele ya dola. Kutii utaratibu huu ni katika kumtii mwenye mamlaka katika mema, na ni hifadhi ya mali yako. Tena hapa tunawaambia waziwazi wale wanaomkopesha mgeni jina lao, mgeni akanunua kwa jina la Mzanzibari na kumpa kijipato chake kidogo: hiyo ni karatasi inayosema uongo, na wewe ndiye uliyeusema. Siku akifa mmoja wenu ndipo watoto wake watakapojua balaa uliyowaachia.

Tuje kwa muuzaji, maana hapa ndipo dada yetu alipokwama.

Ardhi nyingi ya vijiji vya pwani haijagawiwa kwa warithi. Mzee amefariki miaka thelathini iliyopita, mkewe na wanawe wamebaki wanaitumia pamoja, hapana aliyekwenda kwa kadhi kwa sababu hapakuwa na kitu cha kugombaniwa. Uwanda ule nani ataugombania? Sasa bei imekuja, na mtoto mmoja, mara nyingi mwanamume, mara nyingi ndiye aliyebaki kijijini au ndiye mwenye mazungumzo mazuri na madalali, anauza. Wenzake wanapata khabari wakiona msingi unachimbwa.

Tumfanyie hesabu. Marehemu ameacha mke, watoto wanaume wawili na wanawake watatu. Mke ana thumni, yaani sehemu moja katika nane. Sehemu saba zilizobaki zinagawiwa kwa watoto, mwanamume hisa mbili na mwanamke hisa moja: wanaume wanachukua nne, wanawake tatu, zimetimia saba. Tuseme kiwanja kinauzwa kwa shilingi milioni 40. Haki ya mama ni milioni 5, kila binti milioni 5, kila mwanamume milioni 10. Kaka aliyesimama akauza kiwanja kizima ameuza milioni 10 iliyo yake, na milioni 30 isiyo yake. Na katika hiyo milioni 30 kuna nusu ya mali nzima, milioni 20, iliyo haki ya wanawake wanne. Hatutaki kusema kwamba hili ni bahati mbaya tu. Tumekaa katika vikao vya usuluhishi mara nyingi mno tukaona anayesahauliwa ni dada aliyeolewa kijiji chengine, na mama ambaye hajui kusoma. Mwenyezi Mungu katika Surat An-Nisaa aya ya 7 amewathibitishia wanawake fungu katika waliyoyaacha wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kingi. Mchanga wa pwani ulipokuwa hauna thamani ulikuwa kidogo. Leo ni kingi. Hukmu ni ile ile.

Hukmu ya mauziano hayo katika madhehebu ya Imamu Shafii ni kuwa sehemu isiyokuwa ya muuzaji haikuuzika, maana ameuza asichokimiliki bila ya idhini ya wenyewe, na Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Sehemu yake mwenyewe imeuzika, na mnunuzi kama hakujua ana khiyari: avunje arejeshewe fedha zake zote, au abaki na ile robo kwa thamani yake, awe mshirika wa wale warithi katika ardhi isiyogawiwa. Na akichagua kubaki, warithi wenzake wana haki ya shufaa, kumlipa thamani ileile na kuichukua sehemu ile, kwa sababu Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Jabir katika Bukhari, alihukumu shufaa katika kila kisichogawiwa, mpaka mipaka ikiwekwa na njia zikatengwa.

Basi dada yetu, arubuni yako unayo haki ya kurejeshewa yote. Watu wamezoea kwamba mnunuzi akirudi nyuma arubuni huliwa na muuzaji. Jambo hilo lenyewe lina khilafu: jamhuri ya wanazuoni, na Mashafii wamo, wameikataza arubuni ya namna hiyo, Mahanbali wakairuhusu, na Baraza la Fiqhi la Kimataifa katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993 likaikubali kwa sharti muda wa kusubiri uwe umewekwa. Lakini hayo ni pale mnunuzi anapoghairi kwa matakwa yake. Wewe hukughairi. Umeuziwa mali ya watu. Usimwachie hata shilingi, ila kwa kumsamehe. Kama mnakitaka kiwanja bado, waite warithi wote sita, mama akiwa wa mwanzo, wende kwa kadhi wathibitishe mirathi, kisha wauze wote kwa saini zao, na kila mmoja apewe fungu lake mkononi mwake. Usimpe kaka akawagawie. Kukiwa na mtoto mdogo ambaye ni yatima, simamisheni jambo mpaka msimamizi wake na Mahkama ya Kadhi wahusike, kwani mali ya yatima ni moto. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina na kupataka mahali pa msikiti, papo palikuwa ni pa mayatima wawili, Sahl na Suhayl; walitaka kumpa bure, naye akakataa mpaka akapanunua.

Kuhusu ile video ya simu. Mume yupo Maskati, ameona picha za mchanga na minazi, ameridhika. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba kuuza kitu ambacho mmoja wa wenye kuuziana hajakiona hakusihi. Wengine wamelegeza. Sisi tunaona katika ardhi ya pwani msimamo wa Mashafii ndio unaomfaa mnunuzi, maana video haionyeshi jiwe la mpaka, wala haikuonyeshi kwamba mita tano za mbele zimo katika eneo lisiloruhusiwa kujengwa kwa ukaribu wake na bahari. Njia ni nyepesi: mume amweke wakili anayemwamini, akaone kwa macho yake na afunge mauziano kwa niaba yake. Na huyo wakili asiwe dalali. Dalali analipwa mkiuziana. Hakulipi mtu kwa kukuzuia. Wakili wako na aende siku ya Ijumaa, asali pale kijijini, kisha akae barazani aulize kile kiwanja cha nani. Hapo watu wataguna au watamwangalia kwa namna, naye ataelewa kabla ya kuambiwa. Tumeliona hilo likiokoa fedha nyingi. Baada ya hapo ndipo aende kwa sheha, na kwa sheha ndipo aende Kamisheni.

Sasa tulifikie neno ambalo madalali wanalipenda: kiwanja kitupu.

Miaka kadhaa iliyopita, sisi na wenzetu wawili tuliokuwa tukifundisha pamoja tulichanga tukanunua kipande upande wa mashariki. Hatukitaji kijiji. Tulifuata utaratibu wote, warithi walikuwepo, karatasi zilikamilika. Tulikuta vichaka na mitende pori na mawe, hapana jengo hata moja. Tukazungushia waya, tukarudi mjini tumeridhika. Mwezi wa pili tukenda na watoto kukionyesha. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mbali. Tukamwona bi mkubwa mmoja anakuja kutoka pwani na kikapu cha pweza kichwani, amefika kwenye waya wetu, amesimama. Akaifuata waya mpaka kwenye kona, akazunguka, akatokea upande wa pili tulipokaa. Tukamwamkia, akaitikia vizuri, akapumzika. Kisha akatuuliza, bila ya hasira: "Wanangu, sasa mtatupitisha wapi?"

Hatukuwa na jibu. Kile tulichokiona kichaka, ndani yake palikuwa na kinjia ambacho sisi kwa viatu vyetu vya mjini hatukukitambua. Kilikuwa kinapitwa na wanaokwenda diko kununua samaki, na kina mama wa mwani wenye mafurushi mabichi yanayochuruzika maji, na wanaokwenda kufukua makumbi yao waliyoyafukia mchangani ili wapate usumba wa kusokotea kamba. Hapana hata mmoja wao aliyekuwa na hati. Tena muuzaji hakutudanganya; hatukumuuliza.

Tulipokuwa vijana tulisomeshwa Minhaj ya Imamu Nawawi, na katika mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa amezungumzia harimu ya kijiji, yaani yale maeneo yanayokizunguka kijiji ambayo wenyeji wanayahitaji ili waishi, na kwa hivyo hayamilikiwi kwa kuhuishwa. Ametaja mahali wanapokutania watu, na wanapokimbilizia farasi, na wanapopigisha magoti ngamia, na wanapotupa majivu. Tulikihifadhi kifungu kile bila ya kujiuliza kinahusu nini hapa kwetu tusiokuwa na ngamia. Yule bi mkubwa ndiye aliyetusomesha. Ngamia wetu ni ngalawa. Harimu ya kijiji cha pwani ni diko, na njia ya kwendea diko, na mahali pa kuanikia mwani, na mashimo ya makumbi, na makaburi, ambayo kule mara nyingi ni mawe mawili tu yaliyosimamishwa chini ya mti. Vitu hivi haviuziki hata wakikubaliana muuzaji na mnunuzi na sheha, maana si vya yeyote kati yao. Wakfu ni hivyo hivyo: kipande kilichowekewa msikiti na mtu wa zamani, minazi yake mitatu ikitoa mafuta ya taa, kikikosa maandishi leo kinaonekana kitupu. Kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Isiwe tabu kuuliza kabla ya kununua. Na hadithi ya Said bin Zayd kwa Bukhari na Muslim, kwamba aliyechukua shubiri ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba siku ya Kiyama, haikubagua aliyechukua kwa nguvu na aliyechukua kwa waya.

Lipo jambo jengine tunalolisema tukijua baadhi ya wasomaji wetu halitowapendeza. Ardhi inayonunuliwa na kuachwa miaka kumi na tano haikai bila ya kumgusa mtu. Kijana wa Jambiani anayetaka kuoa anakuta kiwanja cha kujenga chumba na ukumbi kijijini kwao kina bei ya mgeni wa Ulaya, naye mshahara wake ni wa mlinzi katika hoteli iliyojengwa juu ya shamba la babu yake. Anaondoka, anakwenda kupanga chumba mjini. Msikiti unabaki na wazee. Je, hii ni ihtikari iliyokatazwa? Mashafii ihtikari wameihusisha na chakula, hivyo hatuwezi kuharakia kumwambia mtu kwamba umefanya haramu kwa kuwa na kiwanja usichokijenga. Lakini somo la ardhi kukaa bure limo katika fiqhi yetu tangu mwanzo. Mwenye kuweka mawe ya mpaka katika ardhi iliyokufa bila ya kuihuisha hajaimiliki, na imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar kwamba baada ya miaka mitatu hana haki tena. Bilal bin Harith Al-Muzani alikuwa amepewa bonde la Al-Aqiq na Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Ulipokuja ukhalifa wa Umar, akamwambia kwamba hakupewa ili awazuie watu, amepewa ili afanye kazi. Abaki na anachokiweza na arejeshe kilichobaki. Ikagawiwa kwa Waislamu. Kiwanja chako ulichonunua kwa fedha zako si sawasawa na ardhi ile ya kupewa, tunalikubali hilo. Hata hivyo, mtu aliyenunua viwanja sita Paje, na anangoja, na aisome khabari hii ya Bilal mara mbili.

Na wenzetu wa vijijini, nanyi mnalo fungu lenu. Milioni 40 inaonekana nyingi siku inapohesabiwa. Tumeiona ikigeuka pikipiki, harusi ya siku saba na simu, na mwaka haujesha. Kama hapana dharura, kodisheni kwa muda uliowekwa, kodi ijulikane na imeandikwa na kila mrithi apate fungu lake kila mwaka. Au ingieni ushirika na ndugu mwenye mtaji, nyinyi kwa ardhi na yeye kwa jengo, baada ya kukaa na mwanasheria na na mtu wa fiqhi. Ardhi ikibaki, mjukuu ana pa kurudi.

Limebaki suala la zaka, na hili wengi linawashtua. Aliyenunua kiwanja ili ajenge nyumba ya kukaa, au ajenge akodishe, hana zaka katika thamani ya kiwanja. Kodi ndiyo itakayohesabiwa ikikusanyika. Aliyerithi kiwanja, hata akinuia kukiuza, katika madhehebu yetu hakijawa mali ya biashara kwa nia tu. Lakini aliyenunua kwa nia ya kukiuza kwa faida, kama dada yetu na mumewe, hiyo ni bidhaa, sawa na magunia ya mchele dukani. Kila mwaka wa Kiislamu ukitimia, tangu fedha walizonunulia zilipofika nisabu, ambayo ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, kiwanja kinakadiriwa kwa bei ya soko ya siku ile, si bei ya kununulia, na hutolewa asilimia mbili na nusu. Kiwanja cha milioni 40 zaka yake ni milioni moja. Mwakani kikifika milioni 48, ni milioni moja na laki mbili.

Watu husema: lakini mkononi sina kitu, fedha zote zipo mchangani. Kwa Mashafii zaka imeshawajibika; asiye na fedha taslimu aandike, iwe deni lake, alitoe anapoweza au anapouza. Imamu Malik amempambanua mfanyabiashara anayeuza na kununua kila siku na yule anayengoja soko; huyu wa pili hutoa zaka ya mwaka mmoja tu atakapouza. Tunamnasihi mwenye uwezo afuate kauli ya kwanza, na mwenye dhiki ya kweli akichukua ya Malik hatutomlaumu. Tutakayemlaumu ni yule ambaye kiwanja ni cha biashara anapozungumza na dalali, na ni cha kujenga anapozungumza nasi mwezi wa Ramadhani.

Kiwanja chetu sisi watatu bado kipo. Waya tuliikata upande mmoja siku ile ile ya pili, na tukaacha njia ya mita tatu kutoka barabarani hadi pwani. Mwaka uliofuata tukaiandika kwa sheha ili atakayenunua baada yetu aikute. Mwenzetu mmoja alikataa kwanza, akasema tunajipunguzia bei, na kweli tumejipunguzia. Yule bi mkubwa ameshatangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wakwe zake ndio wanaopita sasa. Rajabu iliyopita tulimwita mtu wa makadirio akatupa thamani, tukaigawa kwa tatu, na kila mmoja anadaiwa la kwake.

Wallahu aalam.